Msomeeni alichosema

Ukipanda basi Kasulu kwenda Kigoma mjini, iko siku mtasimamishwa. Kondakta anazima muziki, mlango unafunguliwa, afisa wa uhamiaji anapita katikati ya viti akitazama nyuso, akitafuta waliovuka mpaka. Mimi ni Muha wa Heru Juu, baba na babu wamelala hukohuko, lakini nimeshateremshwa mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimeacha kitambulisho nyumbani. Nikaulizwa jina la babu, shule niliyoanzia darasa la kwanza, jina la mwenyekiti wa kitongoji. Hilo la mwenyekiti likanipotea. Mzee yule ninamjua tangu utotoni, amenifunga bao mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, ila pale barabarani, jua la saa nane utosini na abiria wamejazana madirishani kunitazama, jina halikuja. Nikabaki na "Mzee... mzee nani huyu." Afisa akatabasamu kama mtu aliyekuta alichokuwa anakitafuta.

Aliyeniokoa ni mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa, aliyetoa kichwa dirishani: "Huyo ni mwalimu wa wanangu, jamani!"

Nimeanza na hilo kwa sababu kila zinapozuka habari za wakimbizi, watu wa huku huuliza swali moja: mbona hadithi zao hazilingani? Leo anasema hivi, kesho vile. Basi ni mwongo. Nami nilikuwa mwongo kwa dakika kumi hivi, kwenye wilaya niliyozaliwa, kwa lugha ninayoifundisha. Aliyevuka mto Malagarasi usiku kutoka Burundi na mtoto mgongoni hana mama wa dagaa wa kumsemea. Ana maneno yake tu, na maneno hayo yakishaandikwa na mtu mwingine, kwa lugha nyingine, kilichobaki mkononi mwa wakubwa ni ile karatasi.

Kwa hiyo ninachokitaka ni kidogo, na wanaopenda mageuzi makubwa wanisamehe. Mwomba hifadhi asitie dole gumba kwenye maelezo kabla hajasomewa kilichoandikwa, neno kwa neno, kwa lugha anayoielewa, akapewa nafasi ya kusema "hapana, sikusema hivyo." Na akikataliwa, aelezwe kwa maandishi ni kwa nini.

Zamani jambo hili halikuwa na uzito huu. Warundi waliokimbilia kwetu mwaka 1972, wale waliopelekwa Ulyankulu kule Tabora, na wengine Katumba na Mishamo, hawakukalishwa mmoja mmoja kuulizwa nyumba iliungua saa ngapi. Ni watu walewale na watoto wao ambao mwaka 2014 zaidi ya 160,000 walipewa uraia wa Tanzania. Mwaka 2015 nako, kijiji cha Kagunga kando ya ziwa kilipofurika Warundi wengine hadi kipindupindu kikaingia, na meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kwenda Kigoma mjini, hadi Uwanja wa Lake Tanganyika ukawa mahali pa kuwapokelea, hao nao walitambuliwa kwa jumla, kama kundi. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 unamtambua kuwa mkimbizi hata anayekimbia kwa kuwa nchi imevurugika, si lazima awe amewindwa yeye kwa jina lake. Ilitosha kujua umetoka wapi, na lini.

Januari 2017 utaratibu huo wa jumla ulisitishwa kwa Warundi. Kuanzia hapo kila mtu aeleze lake. Uamuzi huo unaweza kuutetea, sina haja ya kugombana nao hapa. Lakini ukishasema kila mtu aeleze lake, umejitwika kazi ya kusikiliza, na kusikiliza ni kazi ya ufundi. Hapo ndipo tulipo dhaifu.

Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998 inampa anayeingia siku 7 kujitokeza kwa afisa aliyeidhinishwa, au mtendaji wa kijiji, au mlinzi wa amani, aombe kutambuliwa. Ipo kamati ya kitaifa inayochambua maombi na kumshauri waziri. Kwenye karatasi ni njia nzuri, tena hilo la mtendaji wa kijiji lina hekima, kwa sababu ndiye unayemkuta ukitoka porini. Sasa nendeni mkamuulize mtendaji wa kijiji chochote cha Buhigwe au Kakonko ni mafunzo gani aliyopata ya kumpokea mtu wa namna hiyo. Ana mihuri, ana michango ya madarasa ya kukusanya, ana kesi za mipaka ya mashamba. Mtu akimjia siku ya kumi na mbili kwa sababu zile siku saba alikuwa amejificha kwa shangazi yake anaugua, mtendaji ataandika "amechelewa" na atakuwa amesema kweli. Kwa nini amechelewa, hilo halina kisanduku kwenye fomu.

Nami niliwahi kukaa upande wa fomu. Miaka michache iliyopita, wakati wa likizo, niliombwa kusaidia kuandika maelezo ya Wakongo waliokuwa wamevuka ziwa. Mkalimani hakuwepo. Wa nini? Wao wanasema Kiswahili, sisi tunasema Kiswahili. Afisa anauliza, mimi ninajaza kwa Kiingereza.

Akaja kijana kutoka upande wa Fizi. Akasema waliingiliwa usiku, "wakaua yaya wangu mbele ya mlango." Nikaandika kwamba aliyeuawa ni mtumishi wao wa ndani. Sikusita hata kidogo. Yaya si ndiye mlea watoto? Maswali yakaendelea. Baadaye afisa akamuuliza walizaliwa wangapi, akajibu watatu: yeye, dada yake, na yaya aliyekufa. Afisa akanigeukia. "Mwalimu, huyu mtumishi tena amekuwa mtoto wa mama yake?" Nikainua kalamu nikamtazama kijana, na ninakumbuka vizuri nilichokihisi: nilihisi tumemnasa.

Nyuma yake, kwenye foleni, mzee mmoja akacheka kwa uchungu. "Papa, yaya ni mukubwa wake. Walitoka tumbo moya."

Yaya, kwa Kiswahili cha kwao, ni kaka au dada mkubwa. Kijana alikuwa ameona kaka yake akiuawa, nami nikamwandikia housegirl. Na kama ile karatasi ingetangulia bila yule mzee, mtu mwingine mwezi mwingine angeisoma ofisini, angeona mtumishi ukurasa wa kwanza na ndugu ukurasa wa tatu, angepiga mstari chini yake kwa kalamu nyekundu. Wala asingekuwa mtu mbaya.

Hayo ni ya Kiswahili kwa Kiswahili. Kwa Kirundi sisi Waha ndio tunaojidanganya zaidi, kwa kuwa tunasikilizana nao sokoni tukadhani tunasikilizana kwenye kila jambo. Kirundi kina neno *ejo*. Ni jana, na ni kesho. Kitenzi ndicho kinachokuambia ni ipi, au mtu anaongeza: *ejo haheze*, iliyokwisha, *ejo hazoza*, itakayokuja. Mtu anayelia hamalizi vitenzi. Halafu kuna baba: baba mdogo ni baba, baba mkubwa ni baba, na wote huenda wamekufa kwa tarehe tofauti. Kuna saa zetu za Kiswahili, ambazo mwandishi mwenye haraka huzinakili bila kuzigeuza: saa mbili usiku inaandikwa 2 a.m. kwenye fomu ya Kiingereza, yaani saa nane za usiku wa manane. Makosa haya hayapotei. Yanakaa pale kama ushahidi, tena ushahidi dhidi ya mwenye maelezo.

Wapo wenzangu watakaosema: mwalimu, wewe umekuwa mlaini, hujui kwamba wengine waliingia na bunduki. Ninajua. Nimekulia huku, najua miaka ambayo watu wa Kibondo walikuwa hawasafiri usiku. Najua pia kuni za misitu yetu zilikokwenda. Lakini tazama mwongo anavyofanya kazi: mwongo hufurahia maelezo yaliyoandikwa vibaya, kwa sababu yakimbana anasema mkalimani alikosea, na hakuna wa kumkatalia. Maelezo yaliyosomwa, yakarekebishwa, yakatiwa saini na yeye na mkalimani, hayo ndiyo yanayomfunga. Anayetaka kuwakamata waongo angekuwa wa kwanza kuudai utaratibu huu.

Lile tukio la foleni lina upande mwingine, nami sikuuona siku ile. Mzee aliweza kunisahihisha kwa sababu alikuwa anasikia. Na kama yeye alikuwa anasikia, wote walikuwa wanasikia. Tulikuwa chini ya mwembe, meza moja, benchi moja, watu thelathini nyuma. Kuna mama alikaa kwenye benchi lile akaulizwa kilichomkimbiza, akasema "vita," akaulizwa tena, akasema "vita tu." Nikaandika vita. Nyuma yake alikuwepo shemeji yake, na majirani wa kijiji kizima. Afisa mwanamume, mwandishi mwanamume. Sitajua alikuwa na nini cha kusema, ila ninajua hakuna mwanamke wa pande hizi, wa kwao wala wa kwetu, ambaye angelisema pale. Kilichohitajika ni chumba chenye mlango na dada mmoja wa kumuuliza. Hata darasa la shule lingetosha, wakati wa likizo yako matupu.

Kuhusu kukataliwa nitasema kwa ufupi. Nimewahi kuonyeshwa barua ya kukataliwa yenye sentensi mbili: maombi yamepitiwa, hayakukidhi vigezo. Vigezo vipi? Mtu huyo alitaka kujua ni neno lake lipi ambalo halikuaminiwa, ili kama ni kosa la kuandika aseme. Hakuna pa kushika. Ukiambiwa unaweza kuomba upitiwe upya, utaandika nini kwenye ombi hilo? Na anayepitia upya asiwe mkono uleule uliokataa. Hata kwenye mtihani wa mock tunabadilishana madaftari. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wasaidizi wa kisheria wapo wilayani, wanahangaika na mirathi na ndoa. Sioni kwa nini mmoja wao asiruhusiwe kukaa kando ya mwomba hifadhi siku ya mahojiano, hata kama ni kunyamaza tu na kuandika.

Haya si mambo ya nchi maskini peke yake. Uingereza ilipotaka kuwapeleka waomba hifadhi wake Rwanda, Mahakama yao ya Juu iliukataa mpango huo Novemba 2023, na moja ya sababu ni kwamba majaji walitazama namna maombi yanavyoshughulikiwa kule, wakaona hatari ya mtu mwenye haki kukataliwa na kurudishwa alikokimbia. Kurudishwa huko ndiko kunakokatazwa na kifungu cha 33 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Majaji waliingia mpaka kwenye nani anasikiliza na nani anatetea. Nikafikiri: wakija kutazama meza yangu chini ya mwembe, wangeandika nini? Ni kwa jinsi nchi hii ilivyowapokea wakimbizi kwamba Mwalimu Nyerere alipewa mwaka 1983 medali ya Nansen, tuzo ya Umoja wa Mataifa kwa wanaowasaidia wakimbizi. Medali ile tunaitaja sana kwenye hotuba.

Baada ya kijana wa Fizi nilimwomba afisa niwe ninasoma kabla ya kufunga kila fomu. Akasema tutachelewa. Nikasema tujaribu mpaka saa sita. Ninageuza Kiingereza changu kuwa Kiswahili, ninasoma polepole, mwenyewe anasikiliza ameinamisha kichwa. Nilikuwa naangalia saa ya mkononi kwa sababu ya afisa: dakika saba, wakati mwingine nane. Mama mmoja akarekebisha mwaka aliozaliwa mtoto. Baba mmoja akasema kijiji nilichoandika kiko ng'ambo nyingine ya mto. Binti mmoja alisikiliza mpaka mwisho, akasema hakuna kosa, akaomba nimsomee tena, kisha akatia dole gumba. Saa sita ilipofika afisa hakusema kitu. Alivuta kiti chake kivulini, akaniambia, "Mwalimu, ita mwingine."