Kiwambo kilicholowa petroli kinadanganya kidole

Mafundi wengi wa injini za boti hapa Mwanza hukagua kiwambo cha pampu ya mafuta kwa namna moja: wanafungua skrubu, wanakibonyeza kingali kimelowa, wakikikuta laini na hakijatoboka wanakirudisha. Naona ukaguzi huo haufai kabisa. Mpira uliolowa petroli huwa laini hata kama umeshazeeka.

Kiwambo, au dayaframu kama wengi wanavyokiita, ni utando wa mpira wa naitraili, mara nyingi wenye kitambaa ndani, usiofika unene wa milimita 1, unaocheza mbele na nyuma ndani ya pampu ili kuvuta na kusukuma mafuta. Petroli, hata mvuke wake tu, hupenya katikati ya minyororo ya polima, yaani molekuli ndefu zinazounda mpira, na kuitenganisha. Utando unavimba na kulegea. Zinazovimbisha zaidi ni toluini na ksilini zilizomo kwenye petroli. Wakati huohuo petroli inachota vilainishi, yaani kemikali za kuufanya mpira uwe laini, vilivyochanganywa kiwandani, na ikishakauka vilainishi hivyo havirudi. Utando unasinyaa, unakuwa mgumu kuliko ulivyokuwa mpya. Kisha kuna uzee wenyewe: oksijeni na joto hufunga minyororo kwa viungo vipya, mpira unakakamaa. Kwa kadirio la kawaida, joto likipanda nyuzi 10 kasi ya kuzeeka hukaribia mara mbili, kwa hiyo injini iliyolazwa stoo chini ya bati lisilo na dari inazeeka bila kufanya kazi.

Wavuvi wa dagaa ndio wanaoumia zaidi. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, injini zinarudishwa stoo, paipu zinachomolewa, pampu inakauka. Giza likirudi kiwambo kinalowa upya. Kuvimba na kusinyaa huko hujirudia mwezi hadi mwezi, na nyufa huanzia pale utando unapojikunja, karibu na ukingo unaobanwa na mfuniko.

Injini ya tu-stroki ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, kiwambo hupigwa na msukumo wa hewa kutoka kwenye krankesi (chumba cha chini ya pistoni) kama mara 83 kwa sekunde. Kikikakamaa kinacheza kidogo, na kila pigo linaleta mafuta pungufu. Injini ikiunguruma taratibu hutaona tatizo. Litaonekana ukiwa katikati ya maji kuelekea Ukerewe, mzigo umejaa, kasi imefunguliwa yote. Na kwa kuwa oili inakuja humohumo ndani ya petroli, lita 1 kwa lita 50, mafuta yakipungua pistoni inapata joto zaidi na ulainishaji kidogo. Hapo inajam. Lawama huenda kwa plagi au kwa muuza mafuta.

Injini ikikosa nguvu namna hiyo, angalia kwanza chujio na tundu la hewa la tangi. Vikiwa sawa, bonyezabonyeza pampu ya mkono, ile ya mpira kwenye paipu ya mafuta, injini ikiwa kwenye kasi. Ikichangamka, pampu ya injini haileti mafuta ya kutosha. Kitoe kiwambo, kianike kivulini juu ya karatasi safi, mbali na moto, angalau saa 1. Kikishakauka kikunje polepole na umulike tochi upande wa nje wa mkunjo. Nyufa ndogo, ukingo uliojipinda, au mkunjo usiorudi: tupa. Kwa boti inayoingia ziwani kila giza, mimi ningebadilisha kila mwaka bila kusubiri dalili.

Kinachokera zaidi ni viwambo vya kukatwa kwenye tyubu ya gari au baiskeli. Mpira wa tyubu haukutengenezwa kukaa na petroli. Ukitaka kuhakikisha, kata kipande cha milimita 50, kining'inize ndani ya chupa ya kioo yenye petroli kidogo chini bila kuigusa, funga, iache nje kivulini mpaka kesho. Kipime tena: kitakuwa kimerefuka na kulegea kwa mvuke peke yake. Unene nao ni hasara. Utando wa mpira uleule ukiwa mnene mara mbili, ugumu wake wa kupinda huwa mara nane.

Kwa mapumziko ya mwezi mpevu, acha pampu na paipu zikiwa na mafuta. Kwa mapumziko ya miezi, toa mafuta yote, kitoe kiwambo, kipake oili ya tu-stroki kidogo, kihifadhi kwenye kopo lililofungwa, gizani. Spea nazo zisikae sanduku moja na dumu la petroli, wala chumba kimoja na tina ya rangi au asetoni ya mafundi wa faiba. Naitraili haiwezi kabisa asetoni, kwa hiyo usikisafishie kiwambo nayo.

Wakati wa kufunga, kaza skrubu kwa kukatisha pembe, kidogo kidogo, utando usivutike upande mmoja. Silikoni ya bomba usiipake hapo: petroli huivimbisha, vipande vinabanduka na kwenda kuziba jeti, kitundu cha kupitishia mafuta, ya kabureta.