Nicodemus iliuawa na reli
Kuna mwandishi anayesema maduka ya mji wa Nicodemus, jimbo la Kansas, Marekani, yalifungwa kwa sababu ya ukame. Hapo kateleza. Mji huo ulianzishwa na Wamarekani weusi mwaka 1877, mwanzoni waliishi kwenye mashimo waliyochimba ardhini, kisha yakaja maduka, hoteli, hata magazeti mawili (mji mdogo vile!). Walichongoja ni reli. Mwaka 1888 ikapita ng'ambo ya mto Solomon, na wafanyabiashara wakaifuata palepale palipokuja kuwa mji wa Bogue. Nilipita huko kiangazi kimoja: ukumbi wa mawe wa 1939 umesimama, pembeni nyasi tupu na upepo. Wenzangu, huko kwenu ni mji gani barabara ilipohama na maduka yakahama nayo?