Mume akiachishwa kazi, mke anaongeza nini?

Kila fao la kukosa ajira linapojadiliwa, hapakosi anayesema kwamba ukimlipa aliyeachishwa kazi, nyumba nzima inabweteka. Si maneno ya hewani. Mwaka 2000 wanauchumi Cullen na Gruber walionyesha kwamba nchini Marekani, fao la mume likiwa kubwa, mke hupunguza kufanya kazi.

Tuilete hoja hiyo Dar es Salaam. Kwa sheria ya 2018, mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii aliyechangia walau miezi 18, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Aliyekuwa akipata shilingi 600,000 atapata kama 200,000 kwa mwezi. Miezi sita ikiisha, ni kama 1,200,000. Nusu mwaka bila kazi, kwa mishahara miwili! Toa kodi ya nyumba, toa ada, toa nauli ya kutafuta kazi. Mtu anabweteka kwa kitu gani hapo?

Na huyo mke anayeambiwa naye akatafute kazi, kazi anayo. Anauza maandazi asubuhi. Mume akirudi na barua, yeye anaongeza chapati, jioni anakaanga mihogo, na kuamka kunakuwa saa tisa usiku. Ukihesabu wenye kazi na wasio nayo, jana alikuwa na kazi na leo anayo, kwa hiyo jasho lote aliloongeza halionekani. Mume angeweza kukanda unga. Wengi huona haya, na haya hiyo inaigharimu nyumba.

Kibaya zaidi, mshahara ukikatika, mtaji unaanza kuliwa. Leo elfu tano ya dawa, kesho elfu kumi ya shule, mwishoni mwa wiki fedha ya ngano na mafuta haipo. Hapo ndipo mkopo wa riba kubwa, wa kausha damu, unapoingia, na marejesho yake ya kila siku. Fao, hata dogo, linaukinga mtaji huo.

Wanaolinda pensheni wana haki ya kuhofia kwamba kinacholipwa leo kitapungua uzeeni. Kwa hiyo sidai miezi iongezwe. Nadai malipo ya kwanza yatoke ndani ya wiki mbili, maana yakija mwezi wa tatu, ngano imeshaliwa na mkopo umeshachukuliwa.