Lisaa lizima dukani, dakika kumi na tano kwenye tao

Dada yangu anayeishi Rotterdam alinikatia tiketi ya ziara ya basi kwenda Brussels, kwenda na kurudi siku hiyohiyo, zawadi ya bethidei, na mimi kwa adabu zangu nikashukuru nikaamka saa kumi na moja alfajiri na baridi yote ile. Mume wake, shemeji yangu mtu wa Kindu, Kongo, aliiangalia ratiba akachekea puani: "Shemeji, bale banaenda kukuuzishia chokola tu." Nikamwona mtu wa roho mbaya. Namuomba radhi hapa hadharani.

Hizi ziara jamani ni daladala ya wenye hela. Mmepakiwa watu arobaini na ushee, muongozaji kashika mwavuli wa njano, maikrofoni inakoroma, "tazameni kulia", shingo zote kulia, kumbe jengo lishapita na unachokiona ni kituo cha mafuta. Atomium, yale madude tisa ya duara ya maonyesho ya dunia ya 1958, dakika ishirini. Yule mtoto anayekojoa ndo usiseme, sanamu yenyewe sentimita 55, mimi nimemuona kwenye simu ya mtu aliyesimama mbele yangu, halafu eti pale ni kopi tu, orijino imefungiwa makumbusho. Grand-Place, ule uwanja wa katikati ya mji, sitaisema vibaya, ile ni nzuri, hata mvua ilivyokuwa inanyesha nimesimama mdomo wazi nikasahau mwavuli. Na basi halikuchelewa hata dakika, na choo chake kisafi. Haya, nimesifia, tuendelee.

Kilichonichefua ni pale bustani ya Cinquantenaire, kwenye lile tao kubwa lenye matundu matatu na farasi wa shaba juu. Dada wa watu anatusimulia kwa mahaba kabisa kwamba limejengwa na Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, likakamilika 1905, na kwamba huyu bwana wanamwita Mfalme Mjenzi kwa jinsi alivyopenda majengo. Mjenzi! Nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la tatu nikauliza hela za kujengea zilitoka wapi. Akatabasamu, akasema zilikuwa hela za mfalme mwenyewe, akaangalia saa, jamani tuna dakika kumi na tano za picha.

Hela za mfalme mwenyewe. Sawa, kwa namna fulani hajadanganya, maana toka 1885 mpaka 1908 Kongo nzima ilikuwa mali yake binafsi, kama wewe unavyomiliki kiwanja chako Mbagala. Mpira ule wa msituni uliovunwa kwa watu kuchapwa viboko na kukatwa mikono, pembe za ndovu, ndo hizo "hela zake". Sasa dada, una maikrofoni, una watu arobaini hawana pa kukimbilia, umetumia dakika kumi na mbili (nilihesabu) kutueleza yule mtoto anayekojoa ana nguo zaidi ya elfu moja kabatini, ukashindwa kutamka neno moja tu, Kongo? Hata la kuomba maji? Kule Atomium vilevile, kasema maonyesho yalikuwa ya sayansi na amani, hakugusia kwamba hapohapo waliweka kijiji cha Wakongo cha kutazamwa, wazungu wakawa wanawarushia ndizi. 1958 hiyo, mama yangu alishazaliwa.

Basi nikaachana na selfi nikazunguka bustani mwenyewe kwa hasira. Nikakuta mnara wa mawe mweupe, umechakaa, sanamu la mtu mweusi kalala chini pembeni ya mamba, juu yake wanajeshi, na maandishi ambayo sehemu moja imekwanguliwa na patasi. Mimi Kifaransa changu ni bonjour na mersi, nikapiga picha nikamtumia shemeji Whatsapp. Akanijibu kwa voisi. Kwanza kimya, halafu: "Shemeji, banaandika, ushujaa ya jeshi ya Ubelgiji inamwangamiza Mwarabu muuza watumwa. Ile neno Mwarabu ndo banakwangua." Kimya tena. "Mwarabu gani? Ile ni batu ya kwetu Kasongo."

Hapo nikakaa kwenye benchi lililolowa na suruali yangu nzuri. Maana ni kweli, ile vita ya 1892 mpaka 1894 haikuwa na Waarabu wa filamuni, ilikuwa Nyangwe na Kasongo, mashariki ya Kongo, watu wa kanzu na vilemba wanaoongea hiki Kiswahili ninachokuandikia, Sefu mtoto wa Tippu Tip kafia humo. Na Tippu Tip mwenyewe, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye nyumba yake ipo pale Shangani Unguja mpaka leo, huyohuyo Leopold ndiye aliyempa uliwali wa Stanley Falls, kulekule Kongo, 1887. Alimpa cheo leo, kesho akawapiga watu wake, keshokutwa jeshi lake likajengewa mnara wa kulisifu kwa kukomesha utumwa.

Na msinielewe vibaya, walikuwa wanauza watu kweli, sijitoi. Ila nenda Mkunazini, kulekule Unguja, palipokuwa soko la watumwa, uone. Mtalii akifika anashushwa kule chini kwenye vyumba vya giza, anasimamishwa mbele ya zile sanamu zenye minyororo shingoni, anaelezwa nani aliuza na nani alinunua, wengine wanatoka wanalia, na vijana wetu wanaoongoza pale hawana hata mwavuli. Sisi ya kwetu tunayasema, tena tunayasema kwa mgeni. Mbona yeye kwake mgeni ananyamaziwa?

Mtaniambia sio kosa lake, kapewa karatasi akariri, bosi kamuwekea saa, na watu hawakulipa hela zao waje kuhuzunishwa likizo. Sawa. Lakini muda ulikuwepo, ndugu zangu, muda ulikuwepo! Maana toka pale tulipelekwa kwenye duka la chokoleti, lisaa lizima na dakika zake, milango miwili, wa kuingilia na wa kutokea uliopo nyuma ya kaunta ya malipo. Matonge, mtaa wa Wakongo wenyewe, ambako ningekula pondu na kusikia Kiswahili, basi halipiti.

Nimefika Rotterdam saa tatu usiku miguu imevimba. Shemeji kafungua mlango, hajauliza habari za mnara wala mfalme, kauliza, "Chokola iko wapi?"

Nikaitoa. Yuro 24.

Tukaila yote, yeye ananihadithia Kasongo ya babu yake, mpaka dada akaja kutuzimia taa.