Halifax ilihukumiwa kwa makosa ya matoleo yake ya mwanzo

Ikitajwa Kamandi ya Mabomu ya Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, jina la kwanza mdomoni ni Lancaster, ndege ya mabomu. Halifax ya kampuni ya Handley Page, iliyotangulia kuingia vitani Machi 1941, hukumbukwa kama ndege iliyofeli. Arthur Harris, mkuu wa kamandi hiyo, aliidharau waziwazi na alitaka viwanda vyake vigeuzwe kutengeneza Lancaster. Hoja alikuwa nayo, na si ndogo. Ila wengi wanaorudia hukumu yake huchanganya ndege tofauti zilizobeba jina moja.

Aliyeharibu jina ni Mk II, yaani toleo la pili. Ilitumia injini nne za Merlin, kisha ikarundikiwa mazagazaga mwilini, likiwemo banda kubwa la bunduki mgongoni, hadi ikawa nzito na kushindwa kupanda juu. Huko chini ndiko mizinga ya Wajerumani ilikoifikia kirahisi. Baya zaidi lilikuwa mkia. Mapezi yake mawili yalikuwa ya pembetatu, na rubani akikanyaga pedali za usukani wa mkiani kwa nguvu, hasa injini za upande mmoja zikiwa zimezimika, usukani ulinasa upande huohuo, ndege ikapinduka na kuporomoka ikizunguka. Anayekanyaga kwa nguvu gizani ni yule anayemkwepa adui, kwa hiyo kasoro ilijitokeza pale hasa alipohitaji ndege imtii. Wahandisi waliondoa bunduki za puani, wakaweka pua laini ya plastiki angavu, na mwaka 1943 mapezi makubwa ya mstatili yakaponya mkia. Mk V ilikuwa Mk II iliyobadilishiwa mfumo wa magurudumu tu.

Dawa ilichelewa. Usiku wa Februari 19 kuamkia 20, 1944, ndege 78 hazikurudi kutoka Leipzig, na 34 kati yake zilikuwa Halifax. Baada ya usiku huo Mk II na Mk V hazikutumwa tena kupiga miji ya Ujerumani.

Wakati huo Mk III ilikuwa tayari kazini. Injini zake zilikuwa Hercules za Bristol, zinazopozwa kwa hewa, kila moja na nguvu ya farasi zaidi ya 1,600. Baadaye mabawa yalirefushwa kutoka mita 30 hivi hadi karibu 32. Ikapanda juu, ikakimbia, ikamtii rubani. Zilitengenezwa zaidi ya 2,000. Moja, LV907 ya kikosi cha 158, iliruka safari 128 za vita, katika kamandi ambayo wengi hawakumaliza 30. Matoleo mengine yalifanya doria baharini na kuwashusha wapiganaji wa siri kwa miavuli. Tena ni Halifax ndiyo iliyovuta Hamilcar, ndege kubwa isiyo na injini iliyobeba kifaru kizima hadi Normandy Juni 1944.

Sasa hoja ya Harris. Lancaster ilikuwa na tumbo moja refu la mabomu, mita 10 bila kizuizi, wakati Halifax iligawa mzigo kati ya mwili na vyumba vidogo mabawani. Bomu la Grand Slam, lenye uzito wa karibu tani 10, halikuwa na ndege nyingine ya kulibeba wakati huo. Kwa wastani wa vita vizima Lancaster ilidondosha tani 3.9 kwa safari, Halifax 2.7. Upotevu wao ulikaribiana, asilimia 2 na ushei kwa safari, na hata hapo Halifax imependelewa na takwimu, kwa kuwa matoleo yake dhaifu yaliondolewa kwenye shabaha ngumu. Anayehesabu tani kwa kila ndege iliyopotea hana budi kuchagua Lancaster.

Mimi nakwama kwenye hesabu nyingine. Freeman Dyson, aliyeingia kitengo cha utafiti cha kamandi hiyo akiwa na miaka 19, alikuta kwamba ndege ikitunguliwa, wanaookoka kwenye Halifax ni kama asilimia 25, kwenye Lancaster 15. Kwa ndege ya watu saba, ni kama mmoja kwenye Lancaster dhidi ya karibu wawili kwenye Halifax. Sababu mojawapo ni mlango wa dharura. Ule wa Lancaster ulikuwa na upana wa sentimita 56, wa Halifax ulizidi kwa sentimita 5. Kijana mwenye koti nene na mwavuli kifuani anajipenyeza humo gizani, ndege inawaka na kuzunguka, na wenzake wanasubiri nyuma yake.

Nimejaribu kuhesabu tani kwa kila mwanahewa aliyekufa badala ya kwa kila ndege. Lancaster bado inaongoza, ila pengo la karibu nusu linashuka hadi karibu theluthi. Kwa hiyo Harris hakukosea kuhusu mzigo. Alikosea kuipima Mk III kwa dhambi za Mk II, na kuuacha mlango ule nje ya mizani, wakati kamandi yake ilizika watu 55,573. Mkia wa Halifax ulikuwa kasoro ya kuua, ukarekebishwa vita vikiendelea. Mlango wa Lancaster ulijulikana, ulipigiwa kelele na watafiti wa kamandi yenyewe, na vita viliisha ukiwa haujapanuliwa.