OPOKM

Wakuu, rafiki yangu ameshaimwaga habari hii kwenye magrupu matatu, na kwenye toleo lake eti nililia. Ngoja niisimulie mwenyewe kabla haijamfikia mama. Sikulia. Feni ilikuwa inanipuliza machoni.

Mnaijua ile programu yetu ya kuandikia barua na mihtasari ya vikao. Kwa wageni: ni kisanduku cha kuandikia ndani ya kivinjari, chenye vitufe vya kukoza herufi, kuzilaza na kuzipigia mstari. Kodi yake niliirithi. (Nikisema kodi namaanisha maagizo yanayoiendesha programu, siyo ya nyumba, ingawa na hiyo nadaiwa.) Faili moja, mistari 4,000 na ushei, imepita mikononi mwa watu ambao kila mmoja alijijengea chumba chake bila kuuliza mlango uko wapi. Kitufe cha kukoza peke yake kilikuwa na njia tatu, maana vivinjari vya zamani havikuelewana: kimoja kinaweka alama ya b, kingine strong, kingine span. Mambo ya tangu Internet Explorer 5.5, mwaka 2000, ilipofanya ukurasa wa wavuti uandikike. Halafu wapo wanaobandika kutoka Word. Aya moja tu, inakuja na ukoo mzima: MsoNormal, fonti, rangi, pambizo, mpaka mashemeji.

Nikaamua kusafisha. Wiki mbili, mistari 4,000 ikawa 900. Usiku nilikuwa naifungua naitazama tu, kama mtu aliyenunua pikipiki jana. Wazo lenyewe: kila herufi moja ikiguswa, programu inayachukua maandishi yote, inayachuja, inayaandika upya yakiwa masafi. Katika kufagia nikakuta funksheni mbili, yaani vipande vya kodi, kila kimoja na kazi yake. Moja inahesabu kile kijiti kinachowakawaka kipo herufi ya ngapi, nyingine inakirudisha palepale. Juu yake mtu kaandika: "Usifute hii." Basi, hakusema kwa nini. Nikacheka peke yangu. Kijiti kirudishwe kutoka wapi, kilikuwa kimesafiri? Nikafuta.

Na nilijaribu, msije mkasema sikujaribu! Nilibandika kurasa nzima kutoka Word, zikatoka zinang'aa. Kisha nikaandika kwa mkono. Niliandika "aaaaaaaa". Ikatoka "aaaaaaaa". Nikaenda kulala. Wenye akili wameshaona, wengine subirini.

Alhamisi tukaenda Tanga kumwonyesha mteja, chama cha akiba na mikopo, jina siwapi. Ukumbi, wajumbe kumi na wawili, projekta inapiga ukutani, sambusa zinapita. Mwenyekiti akasema maneno ya nini, Mama Katibu aandike barua tuone. Sasa Mama Katibu kazi aliianzia kwenye taipuraita. Vidole kumi, macho kwenye karatasi pembeni, kioo hata hakitupii jicho.

Akaanza. N. Ukutani ikatokea N, kubwa, safi. Akagonga d. Ile d ikakaa kushoto kwa N. Nikapepesa macho. Akagonga u. "udN." Kijiti kimeganda ukingoni kushoto kama mlinzi wa geti, kila herufi inayofika inaingizwa mbele na zilizotangulia zinasukumwa ndani. "ugudN." Hapo ndipo nilipoelewa kila kitu kwa mpigo: nikiyaandika upya maandishi yote, kivinjari kinatupa ya zamani pamoja na mahali kijiti kilipokuwa, kwa hiyo kijiti kinarudi mwanzo. Kwa kila herufi. Ndicho kilikuwa kinarudishwa, wakuu! Na "aaaaaaaa" hata uigeuze vipi ni "aaaaaaaa".

Mama Katibu yuko kasi, anatabasamu. "itikeynewM ugudN." Akabonyeza kushuka mstari, mstari wa pili ukakaa juu ya ule wa kwanza. "OPOKM AY IBMOAM :HAY." Ukumbi kimya. Kijana mmoja wa mahesabu akanong'ona kwamba angalau IBM anaiona. Nikapitisha mkono juu ya bega la mama wa watu, nikabonyeza Ctrl na Z. Hakuna kitu. Kumbe kule kuandika upya kulishaifuta na kumbukumbu ya kurudi nyuma. Utotoni tulisema kinyume tukipindua silabi. Mimi nimekileta cha herufi, tena cha kulipia.

Sasa naungama, maana hili rafiki yangu amelisimulia sawasawa. Nilisema: "Samahanini, ni projekta. Imejigeuza."

Mtu wa projekta akapanda kiti, akaingia kwenye mipangilio, akaigeuza kweli. Kwa sekunde mbili nikadhani nimeokoka: mpangilio wa herufi ukakaa sawa, ila kila herufi imegeuka kama unaiona kwenye kioo cha kinyozi, na vitufe vyangu vyote vimehamia upande wa pili. Mwenyekiti akainuka taratibu, akainama kwenye laptopu, akasoma. "Na hii nayo," akaniuliza, "ni projekta?"

Pale nyuma mzee mmoja mwenye kofia ya kiua akavaa miwani. "Irudisheni kama ilivyokuwa. Mbona yasomeka!" Ikarudishwa. Akaanzia mstari wa chini, kulia, akaja kushoto bila kujikwaa: "Ndugu Mwenyekiti." Akapanda wa juu. "Yah, maombi ya mkopo." Akatugeukia. "Wazee wetu Kiswahili waliandika hivihivi, kwa herufi za Kiarabu, kulia kwenda kushoto. Kijana amekirudisha kwenye asili yake." Ukumbi ukapasuka. Kuna mtu alipaliwa na sambusa.

Nami ningecheka, lakini Mama Katibu ndiyo kwanza aliinua macho. Akatazama ukuta, akatazama vidole vyake, akaniuliza polepole: "Mwanangu, nimekosea wapi?"

Ile feni ilipuliza hapo.

Mengine ni mafupi. Nikamwambia hajakosea, ni mimi, mbele ya wote. Kodi ya zamani ikarudishwa jioni ileile kwenye basi. Bosi hajaongea, ananitumia nukta tu. Zile funksheni mbili nimeziingiza kwenye kodi mpya, na juu yake pameandikwa "Usifute hii", sasa na sababu, mistari kumi na moja. Majaribio siku hizi naandika "Mwenyekiti". Rafiki yangu ananiita Ustadhi.

Jumatatu nimempelekea Mama Katibu toleo jipya. Amenipigia saa tatu asubuhi, salamu ndefu, watoto hawajambo, kisha akashusha sauti: "Mwanangu, nimeshakaa hapa. Leo tunaanzia upande gani?"