Harusi Iliyotoka Nusu

Kwenye ukoo wetu hakuna anayeniita kwa jina langu. Dada ananiita Nusu, shemeji ananiita Nusu, na watoto wao wananiita Anko Nusu bila kujua limetoka wapi. Leo nalieleza mwenyewe, maana kila anayelisimulia huniongezea ujinga ambao sikuwa nao. Niliokuwa nao ulitosha.

Ilikuwa Tanga, mwaka 1993, nina miaka 17. Parokiani kwetu kulikuwa na klabu ya vijana, na sheria ya klabu ni kwamba kila kijana awe na mradi. Wengi walichukua kuku. Kuku hawana hasara, mradi ukikushinda unaula. Wanne tulichukua picha, kwa sababu Mwalimu aliyetusimamia alikuwa na kamera, tena si hizi za kubonyeza tu. Ilikuwa Zenit ya Kirusi, nzito kama tofali, kila kitu unapima na kuzungusha mwenyewe, na ukipiga inalia kama mlango wa Peugeot 404.

Mwalimu alisoma Moscow. Kamera aliinunua huko, toleo la Olimpiki ya mwaka 1980, na nembo ya michezo imechorwa mbele. Nembo hiyo ilitula muda. Kabla ya somo lolote ilikuwa lazima kwanza tupitie zile medali mbili za fedha za Tanzania, ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000 na ya Filbert Bayi katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Hasa ya Bayi. Mwalimu akifika pale ambapo Bayi kawaacha wenzake mbali, halafu Malinowski wa Poland anamjia, anamjia, anampita kwenye mzunguko wa mwisho, sauti ilikuwa inamkauka kabisa, utadhani bado kuna nafasi ya kumwambia Bayi asianze kwa kasi vile. Akishameza mate, ndipo tunafungua daftari.

Somo la kwanza lilikuwa tundu la lenzi. Kuna pete yenye namba 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11 na 16. Ukiweka 2 tundu linakuwa kubwa, ukiweka 16 linakuwa dogo. Nikauliza, hawa Warusi hawajui kuhesabu?

Mwalimu akanitazama. "Ukipewa nusu ya embe, au sehemu ya kumi na sita ya embe, unachukua ipi?"

"Nusu, Mwalimu."

Ningejua, ningesema robo.

Somo la pili lilikuwa kasi, yaani njia ya mwanga inakaa wazi muda gani. Juu ya kamera kuna kitufe cha duara, unakiinua kidogo ndipo kizunguke: 30, 60, 125, 250, 500. Hizo nazo ni sehemu za sekunde, maembe yale yale. Na hapo ndipo Mwalimu alipotupa sheria mbili. Moja, ukishika kamera mkononi usishuke chini ya 60, mkono utatikisika na picha itatoka na ukungu. Mbili, ukipiga kwa flashi weka 30, usizidi. Zote mbili niliziandika kwa mwandiko mzuri, kila moja ukurasa wake. Zikiwa kwenye kurasa tofauti sheria hazigombani.

Mikanda ya filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo mwezi mzima tulifanya mazoezi kamera ikiwa tupu. Bibi mmoja wa Barabara ya 9 tulimpiga mara tatu, na kila mara anaingia ndani kubadilisha kanga. Alinidai picha zake mpaka nikahama mtaa. Lakini daftari tulijaza hata kama mkanda haumo: namba ya picha, tundu, kasi, mwanga, na mwisho kabisa safu ya maoni.

Basi dada yangu mkubwa akachumbiwa, na harusi ikapangwa. Mpiga picha wa mjini alipotaja bei yake, baba alicheka, halafu akaona mwenzake hacheki. Shangazi ndiye aliyemaliza maneno. "Mtoto wa nyumbani yupo, anasomea picha kwa Mrusi, sisi tunatafuta nini?" Akafungua pindo la kanga, akatoa hela ya mikanda miwili. Ikumbukwe hiyo hela. Ilikuwa ya upande wa bibi harusi.

Mwalimu siku hiyo alikuwa na msiba Korogwe. Alinikabidhi kamera kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga, akanipa na flashi yake ya waya, betri nne, akaniambia neno moja tu.

"Ndani, thelathini."

"Ndiyo, Mwalimu."

Mkanda wa kwanza niliumalizia nje ya kanisa. Jua la Tanga la saa saba mchana halihitaji fundi: tundu 16, kasi 125, unapiga tu. Kufika jioni nilikuwa nimeshaanza kutembea kama mtu mwenye digrii.

Ukumbini nikavaa flashi, nikaweka tundu 8, nikaweka kasi 30 kama nilivyoambiwa. Halafu nikaitazama mikono yangu. Tangu asubuhi sijala kitu, nimekunywa soda tatu, na vidole vinacheza chakacha. Nikaukumbuka ule ukurasa mwingine: usishuke chini ya 60. Nikajishauri. Mwalimu kasema 30, lakini Mwalimu huyo huyo kasema mkono ukitikisika picha inaharibika, na mkono huu si anauona Mungu? MC anaita kwenye spika, "Mpiga picha yuko wapi? Maharusi wanaingia!" Nikainua kitufe, nikakisogeza hatua moja.

Tik.

Basi. Hiyo tik ndiyo jina langu.

Nikapiga picha zote 36. Flashi inawaka, halafu inapiga mluzi, nyiiii, mpaka kataa kake kekundu kawake tena, na mimi nawainulia watu kidole wasitikisike, hata wazee. Niliwapanga vizuri mno: upande huu jamaa za bwana harusi, upande huu sisi, maharusi katikati, kila mmoja kwenye upande wake. Kwa mpangilio peke yake ningepewa cheti. Tatizo la kamera hizi ni kwamba ukibonyeza, kioo cha ndani kinanyanyuka, kwa hiyo sekunde ile ile picha inapoingia, ukumbi mzima wewe peke yako ndiye usiyeona kitu. Mimi nikawa nafurahia mlio wa Peugeot.

Kila nikipiga, naandika kwenye daftari.

Wiki iliyofuata nikaenda studio kuchukua picha. Jamaa akanipa bahasha imebandikwa gundi, akaniambia, "Pole." Nikadhani ni pole ya jua. Mama alikuwa ameshatoa amri kwamba bahasha isifunguliwe mpaka pande zote mbili ziwepo. Jumapili wakaja, tena kwa wingi, pilau likapikwa, wakakaa uani kwenye mikeka, na shangazi akapewa heshima ya kufungua, kwa kuwa hela ilikuwa yake.

Picha za nje zikapita mkono kwa mkono, vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Halafu akafungua za ndani.

Ya kwanza: bwana harusi anatabasamu, pembeni yake mpambe wake, nyuma yao jamaa zao wamenyooka kama wanaimba wimbo wa taifa. Na kuanzia katikati ya picha, giza. Si kivuli, giza la usiku wa manane, limekatwa wima kama kwa rula. Shangazi akaigeuza nyuma kuangalia kama imeendelea huko. Akatoa ya pili. Vile vile. Ya tano. Ya kumi. Mpambe wa bwana harusi, ambaye aliitwa siku mbili kabla kwa sababu yule halisi aliugua malaria, alitokea vizuri kuliko mtu yeyote kwenye ile harusi. Dada yangu, aliyeketi saluni kuanzia alfajiri, hakuwepo.

Ikafika ya keki. Shemeji kafumba macho, kafungua mdomo, na kutoka gizani umechomoza mkono mmoja mweupe wa glavu, hauna mwenyewe, umeshika kipande cha keki. Inayofuata, shemeji naye analisha. Kanyoosha uma, analilisha giza.

"Hili ni jini," akasema babu mmoja wa upande wa pili, kwa sauti ya mtu anayetaja aina ya samaki. Tanga ni Tanga, hakuna aliyembishia haraka.

Kulikuwa na picha moja niliyosimamisha kamera wima, ya mama peke yake, picha ya heshima. Hiyo nusu yake ilikuwa ya chini. Imetoka pindo la gauni na viatu. Viatu aliviazima kwa jirani yetu, ingawa kwa wakwe alisema vimetoka Dar. Jirani alikuwepo. Akaichukua picha, akaisogeza karibu na macho, akasema kwa upole kabisa, "Kumbe vimekukaa vizuri, mama."

Shangazi akaweka picha zote chini, akazitazama, akauliza swali moja.

"Na sisi?"

Kimya. Kisichosaidia ni kwamba mama mkwe wa dada alikuwa ameshaanza kutenga zake pembeni: hii nimetoka vizuri, hii naomba nikaifanye kubwa. Shangazi akaona. Akasimama. Akasema yeye alijua tangu ukumbini, alinishuhudia kwa macho yake nikipewa paja la kuku kwenye meza ya wale. Nje ya kanisa tumetoka wote, sivyo? Kwa nini ndani watoke wao tu, tena kwa mkanda wetu? Mtoto kanunuliwa kwa paja!

Paja nililila, siwezi kukana. Lakini nililila baada ya keki.

Mama akaniambia nikamwite Mwalimu, haraka. Alipofika, alitazama picha mbili tu, akaniomba daftari. Akasoma kwa sauti, mbele ya koo mbili.

"Picha ya kwanza. Nane, sitini, flashi. Maoni: safi. Picha ya pili. Nane, sitini, flashi. Safi sana. Ya tatu. Nane, sitini..." Mistari 36 na hakuruka hata mmoja. Kwenye keki akatulia kidogo. "Maoni: hii itawekwa fremu."

Kisha akawaambia watu hakuna jini wala paja. Ndani ya kamera kuna mapazia mawili ya kitambaa. La kwanza linakimbia kufungua njia, la pili linalifuata kuifunga. Watu wakamwangalia kama walivyomwangalia yule babu wa jini. Basi akaomba kanga mbili na watoto wawili.

Wazee wa pande zote akawakalisha mkekani nyuma ya kamba ya kuanikia nguo, kanga ya kwanza ikatandazwa mbele yao kwenye kamba. Mpwa wangu mmoja akapewa kazi ya kuivuta huku anakimbia. Wa pili ashike kanga nyingine, aje nyuma yake anafunika.

"Wewe ni Bayi," Mwalimu akasema. "Na wewe Malinowski."

Nikajua leo tutakesha.

Kwa 30, akaeleza, Malinowski hatoki mpaka Bayi afike mwisho wa kamba. Bayi akigusa mlingoti, flashi inawaka, yaani babu anawasha tochi, na wote mkekani wanaonekana. Wakafanya. Wote wakaonekana, wakapigiwa makofi. Kwa 60, Malinowski anatoka Bayi akiwa bado katikati. Wakakimbia. Bayi akagusa mlingoti, tochi ikawaka, na nusu ya mkeka ilikuwa tayari imefunikwa kanga. Kutoka ndani ya kanga ikasikika sauti ya shangazi: "Yaani mimi nimekaa upande wa Malinowski!"

Hapo kila mtu akaelewa. Shida ni kwamba watoto walishanogewa. Wakarudia bila kuambiwa, na safari hii Malinowski akatoka mbio, akampita Bayi pale kwenye beseni la vyombo.

"Hapana!" Mwalimu akapiga kelele, sauti imekauka ile ile ya darasani. "Hapa hampiti! Kwenye kamera hampiti!"

Babu wa upande wa pili akamshika mkono, akamketisha, akampa maji.

Mkataba uliofikiwa jioni ile ulikuwa hivi: mkanda mmoja, hela yangu mwenyewe, maharusi wavae tena. Shela lilikuwa la kukodi, nikalikodi kwa asubuhi moja, na ndiyo maana sikumaliza mwaka ule nikiwa na baiskeli. Tukaenda Bustani ya Jamhuri pale baharini, mchana kweupe, Mwalimu amesimama nyuma yangu hatua mbili, flashi kaiacha nyumbani kwa makusudi. Shangazi alisimama katikati kabisa, kati ya bibi na bwana harusi, na hakuna aliyethubutu kumsogeza. Keki ilikwisha siku ya harusi, kwa hiyo walilishana boflo.

Picha za bustanini zilitoka zote, safi, na zimo kwenye albamu. Ukutani sebuleni kwa dada kuna picha moja tu, ya mkono wa glavu na keki, shemeji aliiwekea fremu mwenyewe. Mgeni akiuliza bibi harusi yuko wapi, huwaambia, "Aliyenilisha sikumwona, lakini keki ilikuwa tamu." Dada haipendi hata kidogo. Mwezi uliopita nilipofika kwao nikaikuta imegeuziwa uso ukutani. Yeye alikuwa jikoni.

Nikaigeuza, nikaifuta vumbi kwa mkono wa shati, nikaketi.

"Nusu!" akaita kutoka huko huko. "Iache!"